Gereji iliyopima breki kwanza, ikafungua baadaye

Nililipeleka pikapu langu la dizeli, la mwaka 1984, katika gereji hii baada ya fundi mwingine kubadilisha masta silinda, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki kwenda kwenye magurudumu, na pedi za mbele bila kuondoa tatizo lililonipeleka kwake. Pedali ilikuwa ikigeuka ngumu kama jiwe kila nilipokanyaga mara ya pili mfululizo, hasa nilipokuwa nikikata kona kwa mwendo mdogo. Fundi yule hakuwa mvivu, ila alidhani kwamba kila busta ya breki, yaani kifaa kinachoongezea nguvu mguu wa dereva, hutegemea hewa inayofyonzwa na injini. Injini ya dizeli haina ufyonzaji wa kutosha kwa kazi hiyo, na ndiyo maana gari langu limefungwa busta ya haidroliki, yaani ya shinikizo la oili, ya mfumo ambao kampuni ya Bendix iliuleta sokoni mwaka 1973, inayopata nguvu zake kutoka kwenye pampu ileile inayolainisha usukani.

Hapa fundi alianza kwa kutazama mkanda wa pampu na kiwango cha oili ya usukani. Kisha, injini ikiwa imezimwa, alikanyaga pedali mara kadhaa hadi akiba ya shinikizo inayohifadhiwa kwenye busta ikaisha, akaibana kwa mguu na kuwasha injini. Busta ikiwa nzima, pedali hushuka kidogo halafu huusukuma mguu juu. Yangu ilishuka kwa kuchelewa na kubaki hapo hapo. Mkanda ulikuwa umelegea na kung'aa kwa kuteleza, akaubadilisha kwanza kabla ya kulaumu kitu kingine chochote, na pedali ikalainika kwa kiasi kikubwa.

Wengi wangenikabidhi gari wakati huo. Yeye aliwasha injini, akazungusha usukani ili kujaza akiba, akaizima na kuliacha gari kwa saa nzima. Alipokanyaga tena bila kuwasha, hapakuwa na msaada hata wa mkanyago mmoja. Akiba hiyo ndiyo inayomwezesha dereva kusimamisha gari endapo injini itazimika njiani, kwa hiyo sikuona kuwa anatafuta kazi ya kuongeza.

Chini ya masta silinda palikuwa pakidondoka majimaji, na namna alivyoyatambua ilinifurahisha kuliko yote: aliyakinga kwenye glasi ya maji, nayo yakaelea. Mafuta ya breki ya kawaida huchanganyika na maji, kwa hiyo iliyokuwa ikivuja ni oili ya usukani kutoka kwenye sili, yaani mipira ya kuzuia uvujaji, za busta, na masta silinda niliyokwisha kuinunua haikuwa na kosa lolote. Alikataa kuifungua busta hapo gerejini kwa sababu chupa yake ya akiba hubeba shinikizo kubwa linaloweza kumjeruhi mtu, akaleta nyingine iliyokarabatiwa na kujaribiwa.

Kasoro zipo. Niliambiwa siku mbili, zikawa nne, na hakuna aliyenipigia simu kunieleza. Zaidi ya hapo, walinirudishia gari haraka mno: oili ilikuwa bado na povu, pampu ikawa inanguruma na pedali ikitetemeka, nikalazimika kurudi kesho yake. Walitoa hewa upya kwa kuzungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho, wakasubiri povu litulie, wakaongeza oili na kurudia, bila kunidai chochote. Kwa karakana inayojua kupima kwa uangalifu kiasi hicho, haraka ya mwishoni haina udhuru.

Risiti nayo iliandikwa maneno mawili tu, "kazi ya breki". Niliomba waandike ni mkanda na busta vilivyobadilishwa, na aina ya oili waliyoweka, kwa kuwa atakayekosea siku moja na kumimina mafuta ya breki kwenye chombo cha usukani ataziharibu sili hizo mpya. Waliandika kwa kalamu nyuma ya karatasi, nami nimeibandika ndani ya boneti.