ICD na magonjwa ya konea: tathmini kutoka chumba cha macho, Mtwara

Ninachokitathmini hapa ni sehemu ndogo ya kazi kubwa: kurasa za Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, unaojulikana na wengi kwa herufi ICD, zinazohusu konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho ambao wagonjwa wetu huuita kioo cha jicho. Uainishaji huu hutolewa na Shirika la Afya Duniani na hupatikana bure mtandaoni. Toleo la 10 liliidhinishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwaka 1990. Toleo la 11 lilipitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022. Ninaandika nikiwa mtumishi wa chumba cha macho ambaye kila anapomaliza kumpima mgonjwa hana budi kuandika msimbo, yaani herufi na tarakimu zinazosimama badala ya jina la ugonjwa, na ninawaandikia wenzangu wa Mtwara na Lindi, kuanzia Kilwa hadi Nanyumbu, ambao mara nyingi hukabidhiwa misimbo hii bila kuelezwa imepangwaje wala kwa nini ikapangwa hivyo.

Hukumu yangu ni hii. Toleo la 10 ni chombo imara cha kuhesabia, lakini kwenye konea linaeleza zaidi kidonda kinavyoonekana kuliko kilivyotokea, na katika mikoa yetu chanzo cha kidonda ndicho kinachoamua dawa na hatima ya jicho. Toleo la 11 limeliona pengo hilo na kwa sehemu kubwa limeliziba. Atakayebaki na toleo la 10, kama tulivyobaki wengi wetu, anaweza kulitumia vizuri iwapo atakubali kuandika zaidi ya msimbo mmoja kwa mgonjwa mmoja.

Mpangilio wenyewe ni rahisi kuushika. Magonjwa ya jicho yako katika sura ya saba, H00 hadi H59, na konea inakaa humo pamoja na sehemu nyeupe ya jicho na mboni, katika kundi la H15 hadi H22. Misimbo minne ndiyo inayobeba karibu kila kitu: H16 kwa uvimbe na vidonda vya konea, ambao kitaalamu huitwa keratitisi, H17 kwa makovu na ukungu, H18 kwa matatizo mengineyo, na H19 kwa konea iliyoathiriwa na ugonjwa ulioandikwa kwenye sura nyingine. Baada ya nukta hufuata tarakimu ya kufafanua, na tarakimu 9 mara nyingi humaanisha kwamba mwandishi hakubainisha. Ukikuta daftari la kliniki lililojaa H16.9 na H17.9, ujue kwamba wagonjwa walihesabiwa lakini magonjwa yao hayakuelezwa.

Sasa nije kwenye H16.0, kidonda cha konea, ambacho kwangu ndicho kipimo halisi cha chombo hiki. Ufafanuzi wake unataja kidonda cha katikati, cha pembezoni, cha mviringo, kilichotoboka, na kile chenye usaha uliotuama nyuma ya konea. Yote hayo ni mambo ya kuonekana, nayo yana maana, kwa sababu kidonda cha katikati hugusa uwezo wa kuona na kilichotoboka ni dharura ya saa hiyo hiyo. Hata hivyo, msimbo huo mmoja unawaweka pamoja mkulima wa Tandahimba aliyechomwa na kijiti akipogoa mikorosho, mama wa Ruangwa aliyeingiwa na makapi akipiga ufuta, na kijana ambaye jicho lake limeshambuliwa na bakteria bila jeraha lolote la shambani. Jeraha linalotokana na mmea ni njia inayojulikana sana ya fangasi kuingia kwenye konea, hasa jamii za Fusarium na Aspergillus, na fangasi haziuawi na matone ya kuua bakteria hata yakiwekwa kila saa. Dawa inayotegemewa ni matone ya natamisini ya asilimia 5, na matibabu huchukua wiki nyingi. Kwa hiyo watu wawili wenye msimbo uleule wanahitaji chupa mbili tofauti kabisa, na anayesoma takwimu mkoani ili aagize dawa hawezi kujua ni wangapi wanaohitaji ipi.

Yapo mambo ambayo toleo la 10 linaruhusu kwa anayetaka kulitumia kikamilifu. Misimbo ya nyongeza ya bakteria na virusi iko B95 hadi B97, na ya fangasi iko B35 hadi B49, ingawa hakuna kitu kwenye ukurasa wa H16.0 kinachokushika mkono kukupeleka huko. Mchubuko wa konea usio na kitu ndani yake una msimbo wake, S05.0, kitu kilichokwama kwenye konea ni T15.0, na kwenye sura ya visababishi vya nje kuna W60, inayohusu kuguswa na miiba na majani makali ya mimea. Nilipoigundua W60 nilifurahi kwa dhati, maana ni kama iliandikwa kwa ajili ya msimu wetu wa kusafisha mashamba ya korosho. H16.0 ikiandikwa pamoja na W60, hata kabla ya maabara kusema lolote, anayepokea rufaa anaanza kufikiria fangasi. Na maabara haihitaji kuwa ya kifahari: mkwaruzo kutoka kwenye kidonda, tone la potasi haidroksaidi na darubini ya kawaida vinaweza kuonyesha nyuzi za fangasi siku hiyo hiyo.

Kwa herpesi, yaani virusi vinavyoweza kushambulia konea, toleo la 10 linastahili sifa yake. Kidonda cha herpesi huchora matawi juu ya konea, na hujitokeza wazi ukiweka rangi ya floresini na kumulika kwa mwanga wa bluu. Toleo la 10 linakikabili kwa misimbo miwili inayokwenda pamoja: B00.5 yenye alama ya msalaba kwa chanzo, na H19.1 yenye alama ya nyota kwa konea yenyewe. Mtindo huo wa msalaba na nyota ndio bora zaidi katika sehemu yote ya konea, kwa sababu unamlazimisha mwandishi kutaja ugonjwa na mahali ulipojitokeza. Tungekuwa na jozi kama hiyo iliyo wazi kwa fangasi, nusu ya malalamiko yangu yangekwisha. Kutaja chanzo hapa ni suala la jicho kupona au kupotea: matone yenye deksamethasoni, ambayo watu hununua madukani kwa ajili ya jicho jekundu bila kupimwa, hudhoofisha kinga ya konea na kuyapa virusi vya herpesi na fangasi nafasi ya kula hadi ndani.

Kuna chanzo kimoja ambacho kundi la konea halina mahali pa kukiandika, nacho ni dawa ya kienyeji inayowekwa jichoni. Utafiti wa hapa Tanzania uliochapishwa mwaka 1994 ulikuta kwamba takribani robo ya wagonjwa wenye vidonda vya konea walikuwa wametumia dawa za aina hiyo. Mwenye jicho linalouma hawezi kulaumiwa kwa kutafuta msaada ulio karibu, na bibi anayekamua majani kwenye jicho la mjukuu wake anafanya hivyo kwa upendo. Lakini takwimu zisizo na safu ya jambo hilo haziwezi kutuambia kama elimu tunayoitoa vijijini inafanya kazi. Kwenye daftari letu tumeongeza safu ya mkono yenye swali moja tu, “Kuna dawa iliyowekwa kabla ya kuja?”, na majibu yanaandikwa kwa maneno. Swali hilo linaulizwa kwa upole na bila mshangao, kwa sababu mzee akiona umekunja uso, atakwambia aliosha kwa maji tu.

H17, makovu na ukungu, ndiyo sehemu inayonisikitisha zaidi. Konea ya mtu mzima ina upana wa milimita 11 hadi 12, na unene wake katikati ni kama nusu milimita. Haina mishipa ya damu, na uangavu wake hutegemea mpangilio makini wa nyuzi zake. Kovu dogo likikaa katikati, mbele ya mboni, linaweza kumnyima mtu uwezo wa kusoma, ilhali kovu kubwa zaidi la pembezoni likamwacha akiona vizuri. Toleo la 10 limelijali hilo: H17.1 ni ukungu wa katikati, na H17.0 ni kovu lililonasa sehemu ya ndani ya jicho. Kwa upande wa umbo, hongera. Lakini kovu ni alama iliyobaki ya tukio lililopita, na tukio hilo linatafutwa kwingine kabisa. Kovu la trakoma, linalotokana na kope zilizogeukia ndani na kuikwaruza konea kwa miaka, hupatikana B94.0, kwenye athari za magonjwa yaliyopita. Kovu la upungufu wa vitamini A liko E50.6, kwenye sura ya lishe. Surua iliyogusa konea ni B05.8 ikiambatana na H19.2.

Kwa daktari wa jijini mwenye wagonjwa wa lenzi za kugusa, mtawanyiko huo ni usumbufu mdogo. Kwetu unaficha mambo ambayo yangeweza kuzuilika. Mtoto wa Liwale mwenye H17.1 peke yake anaonekana kama bahati mbaya. Mtoto huyo huyo akiandikwa H17.1 na E50.6, mganga wa wilaya anajua kwamba kuna kaya ambako matone ya vitamini A hayakufika na chanjo ya surua pengine haikukamilika, na kwamba wadogo zake nao wanapaswa kuangaliwa wiki hiyo. Nisisitize hapa kwamba mfululizo wa E50 umepangwa kwa uangalifu unaostahili kuigwa: ukavu wa konea ni E50.2, kidonda chenye ukavu ni E50.3, konea iliyolainika na kuyeyuka ni E50.4, kutoona usiku ni E50.5. Ni ngazi za ugonjwa zinazoonekana kwa macho, na mtoto aliye kwenye ngazi yoyote kati ya hizo anahitaji vitamini A siku hiyo hiyo, kesho yake, na tena baada ya wiki mbili. Dozi kwa mwenye zaidi ya mwaka mmoja ni yuniti 200,000 kila mara. Kwa wa miezi 6 hadi 12 ni nusu yake.

H18 sitaikalia sana. Ina keratokonasi, yaani konea inayochongoka, kwenye H18.6; maji kwenye konea; uchakavu wa konea kwenye H18.4, na magonjwa ya kurithi ya konea yote yaliyosongamanishwa kwenye H18.5. Wataalamu wa konea walitengeneza uainishaji wao wa magonjwa hayo ya kurithi mwaka 2008, unaozingatia tabaka lililoathirika na jeni inayohusika, na anayeyashughulikia kwa kina atauhitaji huo. Katika kliniki zetu ni nadra sana kuyafikia.

Toleo la 11 limebadilisha sura ya mambo. Keratitisi haigawanywi tena kwa umbo peke yake: ya maambukizi ina mahali pake, ya majeraha ina pake, na vivyo hivyo ile ya jicho lisilofunga vizuri, ya konea iliyopoteza hisia, na ile ya kinga ya mwili kujigeuka. Jambo kubwa zaidi ni kwamba misimbo inaunganishwa kuwa mnyororo mmoja, ambapo kidonda kinaweza kubeba jina la kimelea, wakiwemo fangasi, na upande wa jicho. Upande! Toleo la 10 la Shirika la Afya Duniani haliulizi kama ni jicho la kulia au la kushoto, kosa ambalo mtu yeyote aliyewahi kumwandikia rufaa mgonjwa mwenye jicho moja tu linaloona atalielewa uzito wake.

Kisanduku cha kutafutia cha toleo la 11 kinafanya kazi vizuri hata kwenye simu, na hukubali maneno ya kawaida bila kudai jina rasmi. Mimi hutumia la Kiingereza, na hapo pana ugumu kwa mhudumu anayefikiria kwa Kiswahili “ukungu” au “chongo” na hajui aanzie wapi. Mtandao nao ukikatika, kama unavyokatika masika, huna kitu mkononi. Ndiyo maana juzuu ya faharasa ya toleo la 10, iliyochapishwa na kuchakaa, bado iko mezani kwetu. Tatizo lingine haliko kwenye chombo: fomu nyingi tunazojaza zina nafasi ya msimbo mmoja, na mnyororo mzuri wa toleo la 11 hauingii kwenye kisanduku cha herufi nne.

Kwa mwenye kituo cha afya kisicho na mtaalamu wa macho, ningemshauri asihangaike na orodha nzima. Aandike H16.0 kwa kidonda, aongeze W60 ikiwa kulikuwa na mmea, S05.0 kwa mchubuko, T26.6 kwa chokaa au kemikali nyingine baada ya kuosha jicho kwa maji safi kwa nusu saa au zaidi, na mfululizo wa E50 kwa mtoto. Kovu lisiandikwe bila H54, inayoonyesha kiwango cha kuona, kwa kuwa H17 haisemi kama mtu huyo bado anaweza kuvuka barabara peke yake. Kwa hospitali zenye chumba cha macho, hatua ya kwanza ninayoipendekeza ni kuhamia toleo la 11 kwenye barua za rufaa, hata kama ripoti za mwezi zitaendelea na la 10. Barua inayosema kidonda cha fangasi, jicho la kushoto, baada ya jeraha la tawi, humfikia daktari wa Dar es Salaam ikiwa na kila anachokihitaji kuandaa dawa kabla basi halijafika.