SBM-20 au SI-8B: neli ipi ya kupimia beta?

Wanaotengeneza kaunta za Geiger, vifaa vya kupimia mionzi, kwa neli za enzi ya Usovieti hawaachi kubishania hizi mbili. Zote huendeshwa kwa volti 400 hivi, kwa hiyo saketi haiamui chochote.

Kinachozitenganisha ni ukuta. SBM-20 ni silinda nyembamba ya chuma. Beta (elektroni zinazorushwa na viini vya atomi) kali za yitri-90, zinazofika MeV 2.28 (MeV ni kipimo cha nishati), hupenya, lakini za kaboni-14, zisizozidi MeV 0.156, huishia kwenye chuma. SI-8B ina dirisha pana la mika, madini ya utando mwembamba, na beta dhaifu huingia. Kwa sampuli hafifu, mika inashinda waziwazi.

Ila mika inataka malezi. Ncha ya kalamu ikiitoboa, hewa huingia na neli imekufa, haitengenezeki. Ifunike kila usipopima. SBM-20 ni ya bei nafuu na huvumilia safari.

Zote huhesabu gama pia, mionzi inayopenya zaidi. Pima, kisha weka bamba la alumini la milimita 5 juu ya sampuli, lizuie beta huku gama nyingi zikipita, upime tena: tofauti ndiyo beta.

Ukizunguka nje na kifaa, chukua SBM-20. Ukipima sampuli mezani, kwenye kishikizo kisichotikisika, SI-8B inastahili gharama yake.