Massey 135 ya mtumba: injini naipenda, aliyeniuzia sitaki hata kumsikia

Habari za nguvu za farasi na uzito wa trekta mtazipata kwingine. Mimi nina mambo mawili tu: haidroliki, yaani ule mfumo wa oili unaonyanyua plau, na yule bwana wa yadi aliyeniuzia.

Nina ekari 14 za mahindi na ufuta upande wa Dumila, Morogoro. Kwa shamba la kiasi hicho trekta jipya ni ndoto, na kukodi kulishanichosha. Masika yakianza, mwenye trekta anawalimia kwanza wenye ekari mia, wewe wa ekari chache unafikiwa jirani yuko kwenye palizi. Pawatila niliitazama nikaiacha. Ile ni ya majaruba ya mpunga, udongo wetu mweusi ukishashika haiuwezi. Zikabaki fedha za kuungaunga na mitumba. Wapo Wajapani wadogo wadogo, wazuri kwa macho, lakini fundi wangu alinionya: siku gia ikikatika utakaa ukisubiri spea mpaka mahindi ya wenzako yachanue. Massey 135 ni zee, Waingereza waliacha kuliunda katikati ya miaka ya 1970, ila ile injini yake ya Perkins ya pistoni tatu ni ukoo mmoja na ya Massey 240 ya Wapakistani. Spea zipo. Hilo ndilo lililonivuta.

Nimefika yadi asubuhi, naweka kiganja kwenye boneti: ya moto. Wameshaliwasha kabla sijafika. Nikasema zimeni, lipoe, narudi mchana. Walinuna, lakini nilirudi, likawaka mara moja, likatema moshi mweusi kidogo ukakata. Nikafungua kifuniko cha kujazia oili huku linanguruma, hakuna mvuke. Gia haziruki. Rangi mpya sikuijali, rangi haichimbi. Kwa injini sina neno, na mpaka leo sina.

Nikauliza plau liko wapi, tujaribu kunyanyua. "Plau hatuna, mzee, hapa tunauza matrekta." Wakapandisha mikono ya nyuma inayobeba plau, mitupu, ikapanda vizuri, ikatulia. Mikono mitupu hupanda hata kwenye trekta bovu! Nikaomba basi vijana wawili wasimame juu ya ile mikono tuone. Yule bwana akacheka mpaka akashika meza. "Mzee, umekuja kununua trekta au kupima ng'ombe mnadani?" Vijana nao wakadakia kucheka. Hakuna aliyesimama juu ya chochote. Milioni 16 zikatoka.

Sasa shambani. Nimefunga plau la diski mbili, nimefika mwisho wa mstari, nanyanyua ili nigeuze. Plau linapanda, linashuka kidogo, linapanda tena, linatikisa kichwa kama mzee anayesinzia msibani. Injini ikinguruma pampu inajitahidi kufidia kinachovuja. Ukizima tu, plau linakaa chini lenyewe, puu! Kwenda shamba la pili diski zilikuwa zinakwaruza barabara njia nzima, watoto wa shule wanatukimbilia nyuma wakishangilia. Na hapo ndipo linapouma zaidi: Harry Ferguson, yule Mwairishi ambaye jina lake limekaa kwenye boneti, alijulikana duniani kwa hiyo mikono mitatu ya nyuma na haidroliki yake. Ukiliondolea Ferguson mikono, umebaki na gari la kwenda sokoni polepole.

Fundi alifungua lile bamba kubwa lililo chini ya kiti. Kabla hajalitoa aliniita nitazame pembeni: gundi nyekundu ya gasketi, bado laini, ukucha unaingia. Yaani kulifunguliwa juzijuzi. Ndani ya silinda ya kunyanyulia, mahali pa oringi, ile pete ya mpira inayozuia oili isivuje, palikuwa na ukanda wa mpira wa tyubu umekatwa kwa wembe, umezungushwa mara mbili, tayari umeanza kutafunika. Tyubu ya baiskeli, jamani. Silinda yenyewe imechubuka, haikufaa kuvishwa oringi mpya. Vipande vya mpira vilishasambaa kwenye oili, na kwa kuwa gia boksi na haidroliki vinatumia oili moja, tukamwaga yote. Silinda, oringi, oili, fundi na nauli za kufuata spea: laki sita na ushee.

Nikapiga simu. Sikuanza na ugomvi, nilimwamkia vizuri, nikaeleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mzee wangu, trekta si mke, halirudishwi kwao." Akakata. Mtu wa umri wa mwanangu wa pili! Kadi nayo ilikuwa na jina la mtu wa Kahama, na kumpata ni hadithi nyingine.

Kwa hiyo nasema msinunue. Au nunueni, lakini si pale. Ukweli ni kwamba tangu litengenezwe limelima ekari zangu zote na za majirani kadhaa walionilipa, asubuhi linawaka bila kusukumwa, mafuta halinywi ovyo. Nilitaka kulipatia nyota nne. Nikikumbuka kile kicheko nataka kutoa moja. Trekta halina kosa lakini, kosa ni la mwenye wembe. Basi nne kwa trekta. Kwa yadi sifuri, na kama kuna chini ya sifuri wawekeeni.

Mke wangu anasema nimezidi, kwamba mtumba ni mtumba na hakuna atakayekueleza aibu ya mali yake. Sikubali. Oringi iliyochakaa ni mtumba. Tyubu ya baiskeli mtu aliikata akiwa anajua kwamba kuna mjinga anakuja.

Jirani yangu anakwenda pale pale wiki ijayo kutazama 240, nimemkataza hasikii, anasema bei yao ni nzuri. Na kweli ni nzuri. Nimemwazima plau langu alipakie kwenye kirikuu aende nalo.