Kadi ya Collingwood na siti za MCG: unalipia nini hasa

Anayetaka kuifuata timu ya futi (footy, kandanda ya Kiaustralia) ya Melbourne msimu mzima atakutana kwanza na swali la kadi ya uanachama. Hapa napima kadi za Collingwood, mojawapo ya klabu za mji huo, pamoja na uwanja wa Melbourne Cricket Ground, MCG, ambako timu hiyo huchezea mechi zake nyingi. Hukumu naitoa mapema. Kwa mwaka wa kwanza, kadi ya mechi tatu inawashinda wenzake wote. Kadi yenye siti yako mwenyewe inamfaa mtu asiyekosa mechi. Kadi ya kuingia bila siti ndiyo inayoleta malalamiko mengi, na mara nyingi ni kwa sababu mnunuzi hakusoma masharti.

Ligi ya AFL, ligi kuu ya mchezo huu, ina timu 18, na kila timu hucheza mechi 23 kabla ya hatua ya fainali. Kadi ya kawaida inafungua mechi 11 za nyumbani. Mtego upo hapo kwenye neno "nyumbani". Carlton, Richmond, Hawthorn na Melbourne nao hutumia MCG, kwa hiyo Collingwood inaweza kucheza kwenye uwanja uleule, mbele ya mashabiki walewale, lakini kwenye ratiba ikawa mgeni. Siku hiyo kadi ya mechi 11 haikuingizi. Ipo kadi kubwa zaidi inayojumlisha na mechi za ugenini zinazochezwa Melbourne. Ukiona timu iko MCG wiki baada ya wiki, usidhani kadi ndogo inazimeza zote. Mechi ya Siku ya Anzac, siku ya kuwakumbuka wanajeshi, dhidi ya Essendon, inayochezwa tarehe 25 Aprili tangu 1995, uenyeji wake hupokezanwa mwaka hadi mwaka. Angalia ni zamu ya nani kabla ya kulipa.

Katika hili Collingwood ina nafuu kuliko klabu nyingine za jimbo la Victoria. Hawthorn kwa miaka mingi imepeleka sehemu ya mechi zake za nyumbani Launceston, Tasmania, na Western Bulldogs hupeleka nyingine Ballarat. Shabiki wa timu hizo anayeishi Melbourne akihesabu mechi anazoweza kufika kwa treni, zinapungua.

Sasa kadi isiyo na siti. Collingwood imevuka wanachama 100,000. MCG inabeba watu wapatao 100,000, na karibu robo ya viti ni eneo la wanachama wa klabu ya kriketi ya Melbourne, ambako kadi ya timu haifui dafu. Pigeni hesabu wenyewe. Kwenye mechi za kawaida unaingia na kukaa panapokuwa wazi. Kwenye mechi kubwa lazima uingie mtandaoni kuweka nafasi mapema, wakati mwingine kwa kuongeza pesa, na ukichelewa unakosa ingawa kadi umeilipia. Tiketi ya mlangoni isiyo na siti kwa mtu mzima hukaribia dola 30 za Australia. Chukua bei ya kadi, igawe kwa idadi ya mechi utakazofika kweli, si zile unazotamani kufika, kisha linganisha. Ukifika chini ya nusu ya mechi, kadi ya mechi tatu na tiketi za mojamoja ndizo nafuu.

Mambo mawili ya malipo yanapaswa kujulikana. Uanachama hujihuisha wenyewe kila mwaka kabla ya msimu mpya, kadi ya benki ikakatwa usipositisha kwa wakati. Na mechi za fainali za mwezi wa Septemba hazimo kwenye kadi yoyote ya kawaida. Unachopata ni nafasi ya kununua kabla ya umma. Haki ya uhakika ya kununua tiketi ya fainali kuu huja na kadi za ngazi ya juu tu, ambazo bei yake ni ya juu vilevile.

Tuje kwenye siti, maana hapa ndipo pesa huharibika bila mtu kujua. Wageni wengi hukimbilia safu za mbele, karibu na uzio, kama walivyozoea kwenye soka. Uwanja wa futi ni wa umbo la yai, na wa MCG una urefu wa takriban mita 160 na upana unaokaribia mita 140. Uwanja wa soka wa kawaida una mita 105 kwa 68. Ukikaa chini kabisa na mpira ukawa ng'ambo ya pili, unachoona ni migongo na vumbi la nyasi. Wachezaji 36 wako uwanjani, hakuna sheria ya kuotea, na kila mtu anaweza kukimbilia popote. Raha ya mchezo huu ni kuona nafasi zinavyofunguka na kuzibwa, na nafasi huonekana kutoka juu.

Siti bora kwa anayejifunza ni ghorofa ya juu upande wa ubavuni, safu za mbele za ghorofa hiyo. Ya pili ni ya juu nyuma ya goli, ambayo watu huidharau bure. Kutoka pale unaona urefu wote wa uwanja kwa mstari mmoja, jinsi mabeki wanavyojipanga na jinsi mpira unavyohamishwa kutoka ubavu mmoja hadi wa pili kutafuta njia iliyo wazi. Mwangalie Nick Daicos wa Collingwood, jezi namba 35, namba ileile aliyoivaa baba yake, Peter. Kwenye msongamano, wakati wenzake wameinamia mpira, yeye huwa ameshaanza kutoka. Hatua mbili tatu za kwanza anazipiga kabla pasi ya ngumi haijaachiwa, na mpira unapomfikia aliyekuwa akimkaba yuko nyuma. Kwenye televisheni kamera imebana kwenye mpira, hatua hizo hazionekani. Kutoka juu zinaonekana waziwazi, na ukishaziona mara moja utazitafuta kila mechi. Scott Pendlebury, namba 10, aliyeanza mwaka 2006 na kuvuka mechi 400 mwaka 2024, naye aangaliwe kwa jicho hilohilo: hana mbio sana, lakini husimama mahali ambapo mpira utakuja.

Chini nako kuna faida yake. Unasikia miili ikigongana, na mtoto ataona wachezaji kwa karibu. Viti vya chini vilivyo nyuma ya goli huachiwa kundi la washangiliaji rasmi, wale wenye bendera kubwa na pompomu. Ndio wanaotengeneza lile bango la karatasi laini na utepe wa kunata ambalo timu hulipasua ikiingia uwanjani. Bango hilo husomeka vizuri dakika chache tu kabla ya mchezo, kwa hiyo keti mapema.

Jua na mvua vina hesabu yake. Australia iko kusini, jua la majira ya baridi hupita upande wa kaskazini. Jukwaa la Shane Warne, lililopewa jina hilo mwaka 2022, liko kusini na linatazama kaskazini: mechi ya mchana utapigwa jua la usoni, kofia na miwani ni lazima, lakini utapata joto. Upande wa Ponsford uko magharibi na kivuli huingia mapema. Mwezi Juni na Julai baridi yake inauma, chukua koti hata kama asubuhi kulikuwa na jua. Paa hufunika nyuma ya majukwaa. Safu za mbele za chini zinalowa, na upepo ukibadilika hata za katikati. Uwanja wa Marvel kule Docklands, ambako mechi mojamoja za Collingwood hupelekwa, una paa la kufunga, shida hii haipo. Ukubwa wake ni karibu nusu ya MCG na kelele zake huzunguka ndani, ila anga haionekani, na kwangu mchezo huu unapungukiwa.

Mechi ina robo nne za dakika 20, lakini saa husimama mpira ukitoka, hivyo robo moja hufika karibu dakika 30. Mapumziko ya katikati ni dakika 20. Jipangie saa mbili na nusu za kukaa. Alama: mpira ukipita kati ya milingoti miwili mirefu kwa mguu ni alama 6, ukipita kati ya mrefu na mfupi, au ukigonga mlingoti mrefu, ni alama 1. Usiangalie ubao, mwangalie mwamuzi wa goli. Akinyoosha vidole viwili mbele, kisha akapunga bendera mbili, ni goli. Kidole kimoja na bendera moja ni alama ya pembeni. Fainali ya 2023 inaonyesha thamani ya hizo alama moja moja: Brisbane ilifunga magoli 13 na Collingwood 12, lakini Collingwood ilikuwa na alama za pembeni 18 dhidi ya 8. Matokeo yakawa 90 kwa 86, na kombe likaenda kwa Collingwood, la 16 katika historia yake.

Mashabiki hawatenganishwi. Mwenye skafu ya Carlton atakaa bega kwa bega nawe, mtapigiana kelele saa mbili, na familia nzima zimo katikati. Kwa aliyezoea viwanja vyenye uzio na askari kati ya pande mbili, hili pekee linastahili nauli. Jifunze kelele moja tu: mchezaji akikabwa akiwa na mpira bila kuutoa, uwanja mzima hupaza "Booool!" (yaani "ball", mpira) kumdai refa faulo. Wasomaji wa Kenya wamtafute Aliir Aliir, beki wa Port Adelaide aliyezaliwa kambi ya Kakuma na kuingia kikosi bora cha ligi nzima mwaka 2021. Anavyoruka kudaka mipira ya wapinzani ni darasa.

Chakula nakipitia haraka: pai ya nyama na sosi ya nyanya ni desturi, chipsi zipo, bei ni za uwanjani. Pesa taslimu hazipokelewi. Unaruhusiwa kuingia na chakula chako, kwa hiyo sambusa na chapati kwenye kontena la plastiki zinapita. Chupa za glasi, makopo na pombe hurudishwa mlangoni. Tiketi ya simu ipakue kwenye pochi ya simu ukiwa nyumbani, maana watu 80,000 wakikusanyika mtandao hulegea na foleni itakusubiri wewe.

Walio nje ya Australia hutumia huduma ya Watch AFL, yenye malipo ya wiki, mwezi au mwaka. Kwa kulipia wiki moja unaweza kujaribu bila kujifunga. Mechi ya Ijumaa inayoanza saa 1:40 usiku Melbourne ni saa 6:40 mchana Nairobi na Dar es Salaam, na fainali kuu ya saa 8:30 mchana ni saa 1:30 asubuhi. Mwezi Machi ongeza saa moja kwenye tofauti, kwa sababu Melbourne huwa bado kwenye saa za kiangazi hadi Jumapili ya kwanza ya Aprili.

Kuondoka uwanjani kuna njia tatu. Stesheni ya Richmond iko karibu na ina treni nyingi, lakini king'ora cha mwisho kikilia ndiko wanakomiminika wote. Jolimont, upande wa kaskazini, ni ya njia za Hurstbridge na Mernda. Mwenye kwenda katikati ya jiji avuke daraja la William Barak kwa miguu, apite bustani ya Birrarung Marr hadi stesheni ya Flinders Street, dakika 20 hivi. Timu ikishinda, wimbo wa klabu huimbwa njia nzima, na mara nyingi utafika stesheni kabla ya waliobaki kwenye foleni ya Richmond.