Godoro la hewa la vifuko: lifaapo na lisipofaa kwa mgonjwa wa jeraha la ubongo

Familia nyingi za Kisumu humpokea mgonjwa wa jeraha la ubongo nyumbani akiwa bado hawezi kujigeuza. Awe ametoka hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ambayo wengi bado huiita Russia, au hospitali ya kibinafsi, godoro la hewa huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kununuliwa. Tunalolipima hapa ni lile la bei nafuu linalouzwa katika maduka ya vifaa vya tiba: plastiki nyembamba yenye safu za vifuko, mipira miwili ya kupitisha hewa na pampu ndogo. Hutandikwa juu ya godoro la kawaida. Safu moja hujaa huku inayoifuata ikinywea, na baada ya dakika 10 hivi zinabadilishana, ili pasiwe na mahali pa mwili panapobanwa muda wote pakakosa damu.

Linafaa kununuliwa, ila si kwa sababu anayoitoa muuzaji. Ukiambiwa kwamba ukiwa nalo hutamgeuza mgonjwa tena, hayo ni maneno ya kaunta. Kumgeuza kila baada ya saa 2 hadi 4 kuko palepale. Faida ya godoro ni kwamba mlezi akipitiwa na usingizi kidogo, ngozi haiharibiki upesi hivyo.

Kwa jeraha la ubongo faida hiyo si ndogo. Mgonjwa aliyeondolewa kipande cha fuvu ili ubongo uliovimba upate nafasi hatakiwi kulalia upande huo mpaka mfupa urudishwe. Anabaki na kulala chali na ubavu mmoja tu, na nyonga moja hubeba kazi ya mbili. Anayelishwa kwa mpira wa puani naye huinuliwa kichwa nyuzi 30 au zaidi wakati wa kulishwa na kwa muda baadaye, ili uji usirudi ukaingia mapafuni. Akiinuliwa hivyo uzito hushukia pale uti wa mgongo unapoishia, na ngozi huvutika kadiri anavyoteleza. Tia mto chini ya magoti kwanza, ndipo uinue kichwa.

Visigino havilindwi vya kutosha na godoro hili. Weka mto chini ya mashavu ya miguu, visigino vining'inie bila kugusa kitu. Kisogo na masikio pia vikaguliwe kila siku. Kwenye ngozi nyeusi usingoje wekundu: tafuta sehemu iliyozidi weusi au yenye rangi ya zambarau, yenye joto, au iliyo ngumu kuliko jirani yake.

Malalamiko mengi kwamba "halifanyi kazi" hutokana na matandiko. Juu ya vifuko watu huweka makintoshi (shuka ya mpira au plastiki), shuka mbili, blanketi na leso, kisha mgonjwa avae nepi. Hapo mwili hauhisi tena vifuko vikipanda na kushuka, na kwa joto la Kisumu plastiki juu ya plastiki humlowesha jasho. Shuka moja ya pamba yatosha, isikazwe. Leso moja ikunjwe chini ya makalio ili watu wawili wamwinue nayo badala ya kumburuta.

Hewa nayo ipimwe kwa mkono, si kwa macho. Washa pampu kwenye nguvu ya juu mpaka godoro lijae, mlaze mgonjwa, kisha punguza kidogo kidogo. Ingiza kiganja chini ya godoro la hewa, chini ya makalio, pale vifuko vilipopungua hewa. Kati ya kiganja na mfupa pawe na sentimita 2 au 3 za hewa. Ukigusa mfupa, ongeza. Godoro likiwa gumu kama ubao, punguza.

Kasoro kubwa ni stima. Ikikatika, godoro hili hunywea, na mgonjwa hujikuta kwenye sponji tupu. Chomoa mipira kwenye pampu mara moja, ikunje na kuifunga kwa kamba: hewa itakaa kwa muda, ingawa vifuko havitabadilishana tena, kwa hiyo mgeuze mara nyingi zaidi. Pampu yenyewe hula umeme kidogo mno, haitamaliza tokeni zako, na inavata ndogo ya sola inaiendesha.

Ndoano za pampu zimetengenezewa vyuma vya kitanda cha hospitali na haziingii kwenye ubao mnene wa vitanda vyetu. Usiiache sakafuni penye maji ya kupigia deki. Ifunge kwa mkanda upande wa miguuni. Ukichomeka neti ya mbu, hakikisha haikunji mipira.

Mgonjwa anayeanza kuzinduka akiwa na fujo atang'oa mipira, na mlio wa pampu unaweza kumkera, hivyo pitisha mipira mbali na mikono yake. Tena godoro linamwinua, kizuizi cha pembeni ya kitanda kinakuwa kifupi kwake, na kuanguka kunakuwa rahisi. Mazoezi ya kukaa yasifanyiwe juu yake, maana linayumba na mwili uliokakamaa huzidi kukaza. Akishaweza kujigeuza mwenyewe, liondoe: sehemu laini humpa kazi bure. Mwenye kidonda kilichokwisha kuchimbika anahitaji godoro la hewa la mirija minene, ambalo ni ghali zaidi, pamoja na muuguzi wa vidonda.

Kabla ya kulipa, liwashwe dukani na usimame hapo dakika 20. Kujaa pekee hakutoshi; lazima uone safu zikibadilishana angalau mara moja, kwa sababu pampu inaweza kupuliza vizuri huku sehemu inayogawa hewa imekufa. Vifuko vikivuja utavipata kwa maji ya sabuni na kuviziba kwa viraka vinavyokuja na kisanduku. Pampu ikifa ndani ya wiki, kitakachokusaidia ni risiti iliyoandikwa muda wa dhamana.