Nimelipia mwezi mmoja kusikiliza albamu za zamani: uzoefu wangu

Chanzo ni Boney M, kundi la disko la Ujerumani. Ikifika Desemba, hapa Dodoma hutembei maduka matatu bila kukutana na albamu yao ya Krismasi ya 1981. Mimi lakini nilikuwa natafuta Nightflight to Venus ya 1978. Mjomba alikuwa nayo kwenye kanda kule Kongwa, enzi za kuanika betri juani ili redio ijikongoje mpaka mwisho wa upande wa pili.

Nikapakua programu moja ya muziki, nikabaki kwenye huduma ya bure. Usijisumbue. Unaomba albamu, unaletewa nyimbo zimechanganywa kama karata, na katikati matangazo. Albamu hii inafunguliwa na ngoma zinazotwanga bila kupumzika hadi zinazaa wimbo wa Rasputin. Kwangu mimi zilizaa tangazo la sabuni. Nikalipia mwezi mmoja, nikapakua albamu nzima nzima.

Boney M wenyewe? Upande wa kwanza moto, baada ya hapo kuna nyimbo za kujazia kanda. Halafu nikajua kwamba ile sauti nzito ya kiume ni ya Frank Farian, mtayarishaji wao, na Bobby Farrell jukwaani alikuwa anafungua mdomo na kucheza tu. Mjomba aliigiza sauti ile miaka yote akiamini anamwiga Bobby. Sijamwambia.

Iliyoniteka ni The Visitors ya 1981, ya ABBA, kundi la pop la Sweden. Kama unawajua ABBA wa kwenye sherehe, hawa ni watu wengine. Kundi lilikuwa na ndoa mbili, na kufikia mwaka huo zote zilikuwa zimevunjika. Tazama picha ya jalada: chumba chenye giza, kila mmoja amekaa kivyake. Wimbo wa kwanza ni wa mtu aliyejifungia ndani, mlango unagongwa, hathubutu kufungua. Unawahusu wapinzani wa serikali ya Kisovieti. Nani angecheza hiyo ukumbini?

Niliisikiliza kwenye SGR nikirudi kutoka Dar. Niliianza tulipomaliza mahandaki ya Kilosa, nikadhani itakuwa ya kunibembeleza nisinzie. Wimbo wa nane unamhusu mama anayemtazama binti yake akiondoka asubuhi na begi la shule. Sauti ya Agnetha, mmoja wa waimbaji wao wawili wa kike, haina mbwembwe hapo, anasema tu. Binti yangu ameanza darasa la kwanza mwaka huu, na asubuhi hiyo ya kwanza mimi nilikuwa safarini kikazi. Basi. Wa tisa, ambao ndio wa mwisho, una saa inayogonga tik tik nyuma ya sauti moja. Nilipoinua macho kituo cha Igandu kilikuwa kimeshapita. Albamu nzima haifiki dakika 40, na baada yake walikaa miaka 40 bila kutoa nyingine ya studio.

Odessa ya Bee Gees, kundi la Uingereza (1969), nimeijaribu mara tatu. Nyimbo 17, zaidi ya saa nzima. Ule wa kufungulia, wa meli iliyopotea, unapita dakika saba na ni mzuri mno. Kumi na sita zilizobaki zingeweza kuwa nane. Wasamehewe, walikuwa vijana.

Mwishoni programu yenyewe ikanipendekezea Assembly ya 2002, ya Hukwe Zawose, mwimbaji wetu wa Kigogo, na mpiga gitaa Michael Brook wa Kanada. Nikacheka: nimezunguka Sweden na Uingereza, narudishwa Ugogoni. Si pop ile ya kawaida. Ilimba (ala ya kupigwa kwa vidole gumba) na zeze zimekaa juu ya midundo ya mashine, na kuna mahali mashine inazidi. Ila Zawose akipandisha sauti, mashine inajua nafasi yake.

Jumamosi niliiweka kwenye spika. Mama mwenye nyumba alikuwa anafua uani, akasimama, mikono ina povu.

"Baba, huyo si Zawose?"

"Ndiye, mama."

"Sasa hao wanaompigia makopo ni akina nani?"

Nikampunguzia makopo kadiri spika ilivyoruhusu. Akafua hadi albamu ikaisha, kisha akaniagiza niirudie mwanzo. Mwezi unaisha Alhamisi, na nitalipia tena.