Uzoefu wangu: kujitolea kufuata ngolaga Udzungwa

Ukitaka kujitolea kwenye utafiti wa tabia za wanyamapori, tafuta mradi ambao wasaidizi wake wa msituni ni wenyeji. Mimi nilijitolea Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa nchini Tanzania, kufuatilia ngolaga: kima wa kijivu mwenye kishungi, asiyepatikana popote duniani isipokuwa kwenye misitu ya milima hiyo. Wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu, ilhali wenyeji walikuwa na jina lake tayari.

Kazi inaanza alfajiri, maana kundi lazima ulikute kabla halijaondoka kwenye miti liliyolala. Kutwa nzima ni kupanda na kushuka makorongo. Ngolaga hupenda kushinda chini, anafukua majani makavu kutafuta mbegu na wadudu huku mashavu yakivimba kwa akiba. Kila muda uliopangwa ukifika unaandika: nani, yuko wapi, anafanya nini, nani yuko jirani yake. Huruhusiwi kuandika "amekasirika." Unaandika "amekodoa macho, amefungua kinywa, mwenzake ameondoka." Kujifunza nidhamu hiyo pekee ni sababu tosha ya kwenda.

Msaidizi niliyepangwa naye alimjua kila jike kwa mkunjo wa mkia au sikio lililochanika, wakati mimi naona kijivu kitupu. "Mwanangu, acha uso, tazama mikono," aliniambia, na kweli, mmoja alikuwa na kidole kilichopinda. Tangu hapo nikaanza kuwatofautisha. Ujuzi huo hauko kwenye kitabu chochote nilichosoma chuoni, na naumia nikiona ripoti za utafiti zinazowataja watu hawa kwa jumla tu, "wasaidizi wetu." Majina yao yaandikwe.

Kabla ya kukubali, uliza nani anagharamia chakula na malazi, na vibali vya utafiti vya TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) vimekamilika au la. Posho usiitegemee. Kama huwezi kukaa saa nzima kimya unamtazama mnyama aliyelala, hii kazi itakuchosha mapema.

Nenda kiangazi, Juni hadi Oktoba, njia hazitelezi sana. Panda basi la Ifakara linalopita Mikumi na Kidatu, ushuke Mang'ula. Beba soksi ndefu za kuchomekea suruali, siafu hawana huruma, na uandike kwa penseli: daftari likilowa, wino wote unasambaa.